Jioni Yako Ni Yako: Mwongozo wa Kuinyoosha Algoriti

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Niliangalia video moja tu ya mtu anazibua bomba, sasa ni wiki ya tatu naletewa mabomba." "Nakaa nipumzike dakika kumi, nikiinua macho ni saa sita usiku." "Mbona nyimbo zote ninazopendekezewa zinafanana?" "Nifute tu kila kitu?" Nimekuwa nikiyajibu moja moja kwa ujumbe mfupi, na kila mara nasahau jambo la maana. Safari hii nayaandika yote pamoja, kwa mpangilio nilioufuata mimi mwenyewe na ambao nimewaelekeza wengine.

Sikuandikii uache kutazama video wala kusikiliza muziki. Navipenda vyote viwili, tena sana. Ninachokutakia ni kwamba ukikaa kupumzika uwe umechagua mwenyewe unachotazama, na ukiinuka uwe umepumzika kweli.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yako, pamoja na nywila za akaunti zote unazotumia kwa burudani. Zitafute sasa. Watu wengi hukwama hatua ya nne kwa sababu nywila wameisahau.
- Kompyuta, hata ya kuazima kwa saa moja. Baadhi ya mipangilio huonekana vizuri zaidi ukiingia kwa kivinjari kuliko kwenye programu ya simu.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, karatasi. Ukiandika kwenye simu utajikuta umeingia kule kule unakotaka kutoka.
- Saa ya mezani yenye kengele. Sababu utaiona hatua ya nane.
- Mtu mmoja unayemwamini, wa kukushikia namba ya siri.
- Wiki tatu. Ukitaka matokeo ya usiku mmoja utavunjika moyo bure.

Nadharia kidogo, isomwe mara moja tu

Algoriti ya mapendekezo, yaani kanuni za kompyuta zinazokuchagulia cha kuletewa, kazi yake ni kukisia: kati ya vitu vyote vilivyopo, kipi kitamfanya huyu abaki? Hukisia kwa kuangalia matendo yako, yaani umetazama kwa muda gani, umerudia wapi, umeruka nini, umetafuta nini, umemtumia nani. Kisha huyalinganisha na ya watu wengine waliofanya kama wewe. Matamanio yako haiyaoni. Inaona tu kidole chako kilisimama wapi.

Tangu 2012 YouTube ilianza kutanguliza muda wa kutazama badala ya idadi ya mibofyo. Mwaka 2018 Neal Mohan, aliyekuwa akisimamia bidhaa za YouTube, alieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutazama huko unatokana na mapendekezo. Kwa Netflix, wakuu wake wawili wa kitengo cha bidhaa waliandika mwaka 2015 kwamba takriban asilimia 80 ya saa zinazotazamwa huanzia kwenye mapendekezo. Kwa hiyo unaposema "nilijichagulia mwenyewe", mara nyingi ulichagua kutoka kwenye sinia ambalo lilikuwa limeshapangwa.

Jambo la pili ndilo linalobeba mwongozo huu wote. Zamani kurasa za mtandao zilikuwa na mwisho. Ukifika chini ulilazimika kubofya ili uende ukurasa wa pili, na pale pale ulipata nafasi ndogo ya kujiuliza: inatosha, au niendelee? Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu, alibuni ukurasa usioisha, ule unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoshuka, na baadaye alijutia hadharani matumizi yake. Tamthilia nazo zilikuwa na mwisho wa sehemu. Kaseti ilikuwa na upande wa pili wa kugeuza. Vile vyote vilikuwa vituo, na vimeng'olewa kimoja kimoja. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni ya kurudisha kituo kimoja mahali pake.

Hatua ya 1: Pima kwa siku saba bila kubadili chochote

Kwenye simu za Android fungua Digital Wellbeing, kwenye iPhone fungua Screen Time. Zote mbili zilianza 2018 na ziko ndani ya mipangilio ya simu. Andika daftarini namba tatu kila usiku: muda wote uliotumia, programu tatu zilizokula muda mwingi, na mara ngapi umefungua simu.

Halafu, na hili ndilo lenye faida zaidi, kila unapomaliza kipindi kirefu cha kutazama andika mistari mitatu mifupi. Nilifungua kwa sababu gani? Nilitazama nini hasa? Nimetoka nikijisikiaje?

Mstari wa pili utakushtua. Watu walionionyesha madaftari yao, wengi waliacha nafasi hiyo wazi, kwa sababu dakika tano tu baada ya kuweka simu chini hawakukumbuka walichokiona. Saa nzima imekwenda na hakuna cha kusimulia. Nilipoliona hilo kwenye daftari langu mwenyewe nilihuzunika kweli, na huzuni hiyo ndiyo iliyonisukuma hatua zilizofuata.

*Angalizo:* Usianze kujibana wiki hii. Ukijibana utapata namba za uongo, na hutajua tatizo lako liko wapi. Wengine tatizo ni video fupi, wengine ni tamthilia, wengine wala si skrini. Ni muziki unaolia kutwa mpaka hawausikii tena.

Hatua ya 2: Zima arifa za mashine, bakiza za watu

Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya arifa, pitia programu moja moja. Kanuni ni rahisi. Arifa iliyotumwa na binadamu anayekutafuta wewe, bakiza. Arifa iliyotungwa na programu kukuita urudi, zima. "Fulani amekutumia ujumbe" ibaki. "Tazama video hii huenda ukaipenda", "hujaingia muda mrefu", "fulani ameweka picha mpya", zote ziondoke.

Kazi hii haizidi dakika ishirini, na kwa maoni yangu hakuna hatua inayolipa haraka kama hii.

Hatua ya 3: Zima uchezaji wa kujiendeleza

Hapa unarudisha kituo kikubwa kuliko vyote: ule ukimya wa baada ya kitu kuisha.

Kwenye YouTube kuna swichi ndogo juu ya video, au chini yake kwenye kompyuta. Izime. Kwenye Netflix ingia kwa kivinjari, nenda kwenye akaunti, chagua wasifu wako, kisha mipangilio ya uchezaji. Utakuta visanduku viwili: kimoja cha sehemu inayofuata kuanza yenyewe, kingine cha vionjo vinavyojicheza unapopitapita. Ondoa alama kwenye vyote viwili. Kwenye Spotify nenda mipangilio ya uchezaji, uzime kile kinachoendeleza nyimbo zinazofanana baada ya orodha yako kwisha.

*Angalizo:* Kwenye Netflix mpangilio huu ni wa kila wasifu peke yake. Ukiubadilisha kwako, wa mwenzako haujabadilika. Na kwenye YouTube kagua kila kifaa, ikiwemo televisheni. Wengi huzima kwenye simu, kisha wanalalamika kwamba televisheni bado inaendelea.

Usiku wa kwanza utaona ajabu. Sehemu inaisha, skrini inatulia, chumba kinakuwa kimya. Usikimbilie kubofya. Kaa hapo pumzi tatu. Ukitaka kuendelea, endelea, lakini sasa umetaka.

Hatua ya 4: Safisha historia

Algoriti inakuhukumu kwa mambo ya zamani, yakiwemo yale uliyotazama ukiwa umesinzia, uliyofunguliwa na mtoto, na uliyobofya kwa kushangaa tu.

YouTube: fungua historia ya ulivyotazama. Una njia mbili. Unaweza kufuta kimoja kimoja vile vinavyoharibu ladha, au kufuta vyote uanze upya. Mimi napendelea njia ya kwanza kwa akaunti uliyoitunza miaka mingi, kwa sababu kuna mazuri yatakayopotea pamoja na takataka. Ukiwa huko, washa ufutaji wa kiotomatiki. Unaweza kuchagua miezi 3, 18 au 36.

Netflix: kwenye akaunti, ndani ya wasifu, kuna orodha ya ulivyotazama, na kila kimoja kina alama ya kukificha. Huchukua hadi saa 24 kabla ya mabadiliko kuonekana, kwa hiyo usirudierudie ukidhani imegoma.

TikTok: tangu 2023 kuna chaguo la kuuanzisha upya ukurasa mkuu wa mapendekezo, ndani ya mipangilio ya maudhui. Instagram nayo ilitangaza chaguo kama hilo Novemba 2024.

Spotify: orodha za kulalia, za watoto, na zile za kelele za mvua zinaweza kutengwa zisihesabiwe kwenye ladha yako. Gusa nukta tatu za orodha hiyo utafute chaguo la kuitoa kwenye wasifu wa ladha. Ukitaka kusikiliza kitu bila kuacha alama, washa kipindi cha faragha kwanza.

*Angalizo:* Kuanzisha upya hakukugeuzi mgeni. Akaunti unazofuata zinabaki, na matangazo yana mipangilio yake tofauti. Tena, ukianzisha upya kisha ukaendelea na mazoea yale yale, baada ya siku chache utakuwa umerudi ulikotoka. Hatua hii haina maana bila inayofuata.

Hatua ya 5: Ifundishe upya kwa matendo, wiki mbili

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kuamini vitufe. Mtu anabonyeza kidole cha kuteremka, yaani alama ya kutopenda, anabonyeza "sivutiwi", anasubiri mambo yanyooke. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilichapisha uchunguzi uliotumia data iliyochangwa na watu zaidi ya 20,000 kuhusu vitufe vya YouTube. Kitufe cha kutovutiwa kilizuia takriban asilimia 11 tu ya mapendekezo yanayofanana na kile mtu alichokikataa. Kidole cha kuteremka, asilimia 12. Kufuta kwenye historia, asilimia 29. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni kusema usipendekezewe tena chaneli hiyo, asilimia 43, na hata hicho hakikufika nusu. Mapendekezo ya leo si lazima yafuate hesabu zile zile, ila mpangilio ule mimi ndio ninaoufuata: unapokereka, kwanza izuie chaneli nzima, pili futa video ile kwenye historia. Vitufe vingine vitumie ukipenda, usivitegemee.

Kosa la pili ni kubishana. Unaona kitu cha kijinga, damu inachemka, unaandika komenti ndefu ya kukosoa, unamtumia rafiki uone naye atasemaje. Kwa macho ya algoriti umefanya mambo matatu ya mtu aliyependa sana. Umekaa, umeandika, umesambaza. Facebook kuanzia 2017 ilizipa alama za hisia, pamoja na ile ya uso wa hasira, uzito wa mara tano ya laiki ya kawaida; mwaka 2020 ndipo uzito wa uso wa hasira uliposhushwa hadi sifuri. Kwa hiyo kitu kinachokuudhi kipite haraka, kimya kimya. Kama ni uongo wenye madhara, kiripoti, halafu ondoka.

Kosa la tatu ni kusimama. Hata usipogusa chochote, kule kusita kwako juu ya picha ya ajali au ugomvi kunahesabika. Zoeza kidole kupita.

Sasa upande wa kujenga. Kila siku kwa wiki mbili fanya hivi:

a) Tafuta kwa jina vitu viwili au vitatu unavyovitaka kweli. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia, usisubiri kuletewa. Ukitaka kujifunza gitaa, andika gitaa. Ukipenda historia ya bahari, andika hivyo.

b) Ulivyovichagua vitazame mpaka mwisho. Kutazama hadi mwisho ni moja ya ishara zenye nguvu zaidi.

c) Fuata akaunti chache ambazo ungekubali zikugongee mlango nyumbani. Kisha acha kufuata zile ambazo huzikumbuki ulizifuata kwa nini. Fanya kumi kwa siku, usijichoshe.

d) Upande wa muziki, upe wimbo mgeni nafasi. Spotify huhesabu usikilizaji wimbo ukifika sekunde 30, na wanamuziki wanalijua hilo vizuri sana. Ukizoea kuruka kila wimbo usiokunasa mara moja, utabaki na nyimbo zinazokimbilia kiitikio. Sikiliza albamu moja kwa wiki, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio alioupanga mwenyewe msanii. Kwangu hili lilibadilisha usikilizaji kuliko marekebisho yoyote ya mipangilio. Albamu ina mwanzo na mwisho, ikiisha, imeisha.

Hatua ya 6: Tenganisha watu

Akaunti moja, mtazamaji mmoja. Netflix na YouTube zinaruhusu wasifu au akaunti zaidi ya moja, na za watoto zina namna yake. Mkichangia moja, algoriti itamtengeneza mtu wa kufikirika asiyefanana na yeyote kati yenu, kisha itampendekezea yeye.

Ukimpa mtoto simu yako kwa nusu saa, badilisha akaunti kwanza. Usiseme "ni mara moja tu". Ile "mara moja tu" ndiyo mabomba yanapoanzia.

Hatua ya 7: Ingia kwa mlango wa pembeni

Ukurasa unaofunguka kwanza kwenye programu nyingi ndio ukurasa wa mapendekezo. Usiingilie hapo. Kwenye YouTube kuna ukurasa wa chaneli ulizojiunga nazo, ambao unaonyesha walichoweka wao. Kwenye Instagram, tangu 2022, unaweza kuchagua kuona wale unaowafuata tu kwa mpangilio wa muda. Ukiwa unatumia kivinjari, hifadhi anwani ya ukurasa huo na uufungue moja kwa moja.

Ukiishi kwenye nchi za Umoja wa Ulaya una haki zaidi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya 2022 inayalazimisha majukwaa makubwa sana kukupa angalau chaguo moja la kuona mapendekezo yasiyotegemea kukuchunguza wewe binafsi. Litafute kwenye mipangilio ya kila programu. Lipo, ingawa mara nyingi limewekwa ndani ndani.

Kisha anza orodha ya karatasi, kwenye lile daftari lako. Ukisikia habari ya filamu nzuri kwa rafiki, ukisoma kuhusu mwanamuziki, ukikumbuka kitu cha utotoni, andika daftarini. Jioni ukitaka kutazama, fungua daftari kabla ya kufungua skrini, chagua, halafu nenda ukatafute kwa jina. Ni dakika moja tu. Linganisha na ile nusu saa ya kupitapita kwenye picha za filamu mpaka chakula kinapoa na hujaanza hata moja.

Hatua ya 8: Weka kikomo, na mahali

Tumia kikomo cha muda cha simu kwa programu ile moja au mbili zilizoongoza kwenye daftari la hatua ya kwanza. Usiziwekee zote. Anza na theluthi mbili ya muda uliokuwa ukitumia. Ukikata ghafla mpaka dakika kumi utakivunja kikomo siku ya pili, na ukishakivunja mara moja kitakuwa pambo.

Namba ya siri ya kikomo, kama simu yako inaruhusu, aiweke yule mtu unayemwamini. Usijue ni ngapi.

Chumbani pa kulala simu isiingie. Najua jibu lako: "natumia kengele yake". Ndiyo maana nikakuomba saa ya mezani. Mwaka 2017 mkuu wa Netflix wakati huo, Reed Hastings, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Mimi maneno hayo niliyachukulia kwa uzito wake wote. Chaja ihamie sebuleni au jikoni.

Hatua ya 9: Jaza nafasi kabla haijajijaza

Ukirudisha vituo vyote hivi utapata muda mtupu, na mtu asiyeuandaa muda mtupu ataurudisha ulikotoka. Hili nimeliona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote. Mtu anafanya hatua nane vizuri kabisa, Jumamosi jioni anakaa kwenye kiti hana la kufanya, baada ya robo saa mkono umeshaitafuta simu.

Kwa hiyo andaa mapema. Kitabu kiwe juu ya meza, kimefunguliwa. Gitaa litoke kwenye mfuko wake, liegeshwe ukutani. Mchezo wa bao au karata uwekwe unapoonekana. Kitu kikihitaji kutafutwa kabatini kitashindwa na kitu kilichoko mfukoni. Umbali wa hatua tano unatosha kuamua jioni yako iende wapi.

Filamu nazo zina nafasi yake. Chagua siku moja ya wiki, chagua filamu kwenye daftari, mtazame pamoja na mtu, simu zikiwa chumba kingine, kisha muizungumze. Filamu iliyozungumzwa hukaa kichwani. Mimi leo naweza kukusimulia filamu nilizotazama na ndugu zangu miaka kumi iliyopita, na siwezi kukusimulia video kumi za juzi.

Mambo yakikwama

*"Nimefanya yote, mapendekezo bado yale yale."* Hesabu siku. Kama hazijafika kumi na nne, endelea. Kama zimepita, angalia vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako. Mara nyingi kuna televisheni ya zamani au simu ya ndugu bado imeingia kwa jina lako. Iondoe, ubadilishe nywila.

*"Nimezima kabisa historia ya YouTube, ukurasa wa mwanzo umekuwa mtupu."* Haujaharibika. Tangu Agosti 2023 YouTube huacha kuonyesha mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo kwa mtu aliyezima historia na asiye na historia ya kutosha. Wapo wanaoizima makusudi ili wapate huo utupu. Mimi ni mmoja wao, na sijutii.

*"Simu inanisikiliza. Niliongea kuhusu viatu, nikaletewa viatu."* Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, mwaka 2018 walipima programu zaidi ya 17,000 za Android na hawakukuta iliyowasha kipaza sauti kwa siri na kutuma sauti nje. Walichokikuta ni kwamba baadhi zilikuwa zikirekodi kinachoonekana kwenye skrini na kukituma kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo pitia ruhusa: kipaza sauti, mahali ulipo, orodha ya majina. Programu ya kucheza video haihitaji majina ya jamaa zako.

*"Nilifuta programu, baada ya siku tatu nikairudisha."* Kufuta programu hakufuti akaunti, na ukiirudisha unakuta kila kitu kimekusubiri. Kama unataka kuifuta, malizia hatua ya tisa kwanza.

*"Kazi yangu iko mitandaoni, siwezi kukaa mbali."* Tenga akaunti ya kazi na ya mapumziko, na ya kazi uifungulie kwenye kompyuta peke yake. Ukimaliza kuweka ulichokuja kuweka, funga kichupo.

*"Nimerudi nyuma. Jana nimetazama saa nne mfululizo."* Fungua daftari, andika ile mistari mitatu. Kisha nenda kwenye historia, futa za jana usiku, na ukague swichi za hatua ya tatu, kwa maana baada ya kusasisha programu au kubadilisha simu huenda ukazikuta zimewashwa tena. Mimi hukagua zangu kila mwanzo wa mwezi, nikiwa na daftari pembeni, na mara moja moja nakuta moja imerudi.